Kuchaji Gari la Umeme kwa Kasi Bila Kuichosha Betri: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishi Kwenye Joto

Mwaka 2012, watafiti wa Idaho National Laboratory ya Marekani walichukua magari manne ya Nissan Leaf wakayaendesha katika jiji la Phoenix, Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 kwa wiki nyingi mfululizo. Mawili yalichajiwa kwa umeme wa kawaida wa AC, na mawili kwa chaja ya kasi ya DC yenye kilowati 50. Baada ya kila gari kutembea kilomita 80,000 hivi, yale ya chaja ya kawaida yalikuwa yamepoteza karibu asilimia 23 ya uwezo wa betri, na yale ya chaja ya kasi karibu asilimia 27.

Watu wengi huisoma taarifa hiyo wakaona zile asilimia nne za tofauti peke yake. Tofauti hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, lakini mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anapaswa kuzitazama kwanza zile asilimia 23, kwa kuwa zilipotea katika magari ambayo hayakutegemea chaja ya kasi hata kidogo. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na joto. Chaja ya kasi inadhuru hasa pale inapoongeza joto juu ya joto, au inapoijaza betri ambayo baadaye itaachwa imejaa juani. Mwenye kulielewa hilo anaweza kuitumia chaja ya kasi kila anapoihitaji bila hofu, na akaacha kujinyima kitu ambacho amekilipia.

Mfano nitakaoutumia ni Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Ni miongoni mwa magari ya umeme ya mwanzo kupatikana katika yadi zetu kwa bei inayofikika, na betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo kila kosa la mwenye gari huonekana humo upesi kuliko katika gari jingine. Mwenye BYD, Tesla au Hyundai atafuata hatua zilezile akiwa na nafasi kubwa zaidi ya kukosea.

Kinachotokea ndani ya betri

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Gari linapochajiwa, ioni za lithiamu huondoka upande wa chanya, hupita katika kimiminika kilicho katikati, kisha hujipenyeza baina ya tabaka za grafiti upande wa hasi. Gari linapotembea hurudi zilikotoka. Juu ya grafiti hujengeka gamba jembamba tangu betri ikiwa kiwandani. Gamba hilo ni la lazima, kwa sababu huzuia kimiminika kisiendelee kuharibika kila kinapogusana na grafiti, lakini huendelea kunenepa polepole, na kila linaponenepa huteka lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini. Huko ndiko kuzeeka kwa betri, na hutokea hata gari likiwa limeegeshwa. Mambo mawili hukuharakisha: joto, na betri kukaa muda mrefu ikiwa imejaa. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba nyuzi kumi zikiongezeka, kasi ya mmenyuko huwa kama mara mbili; kanuni hiyo si sahihi kwa kila hali, lakini inatosha kumwonyesha mtu kwa nini maegesho yenye kivuli ni sehemu ya utunzaji wa betri.

Chaja ya kasi inaongeza mambo mengine mawili. La kwanza ni joto linalozalishwa na mkondo wenyewe unapopita katika ukinzani wa betri. Joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: ukizidisha mkondo mara mbili, joto la kila dakika huwa mara nne, na ingawa muda wa kuchaji hupungua kwa nusu, jumla ya joto bado hubaki maradufu. La pili ni msongamano. Ioni zikifika kwa wingi kuliko grafiti inavyoweza kuzimeza, baadhi hubaki juu yake na kuganda kama utando wa metali, na sehemu ya lithiamu hiyo hupotea moja kwa moja. Hali hiyo hutokea zaidi betri ikiwa baridi, au ikiwa imekaribia kujaa na nafasi zimebaki chache, kama daladala ambayo abiria wa kwanza huingia na kukaa bila shida ilhali wa mwisho hubanana mlangoni. Kompyuta ya betri inaujua msongamano huo, na ndiyo maana hupunguza mkondo kadiri betri inavyojaa.

Hatua ya kwanza: tambua betri uliyo nayo

Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, kipimo ambacho sisi tunakiita uniti kwa jinsi tunavyonunua umeme. Baadaye ikaja ya uniti 30, kisha mwaka 2017 gari la umbo jipya lenye uniti 40, na mwaka 2019 lile la uniti 62. Betri za magari ya mwaka 2011 na 2012 ndizo zilizolalamikiwa sana katika maeneo ya joto. Kuanzia modeli ya 2015, betri ya uniti 24 ilitengenezwa kwa kemia inayostahimili joto vizuri zaidi. Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo betri za zamani kabisa utazikuta katika magari yaliyoingia zamani na yanayouzwa kwa mkono wa pili au wa tatu. Soma mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kusajiliwa nchini.

Jambo la pili la kutambua ni kemia. Betri za Leaf ya uniti 40 na 62 hutumia mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti. Magari mengi ya Kichina, yakiwemo ya BYD yenye betri inayoitwa Blade, hutumia chuma na fosfeti. Betri za aina hii ya pili huvumilia kujazwa mara nyingi zaidi, na zina tabia ya kipekee: volteji yake hubadilika kidogo sana kati ya asilimia 20 na 90, hivyo kompyuta hupata taabu kujua kiasi kilichobaki. Kwa sababu hiyo hujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara ili kipimo kijirekebishe; Tesla, kwa mfano, huwashauri wenye betri hizo wafanye hivyo angalau mara moja kwa wiki. Ukiichukua kanuni ya mwenye Leaf, ya kutozidisha asilimia 80, na kuiweka kwenye BYD kwa miezi mingi, utaishia na dashibodi inayokudanganya.

La tatu ni tundu la chaja. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani: kubwa la CHAdeMO kwa chaja ya kasi, na dogo la Aina ya 1 kwa umeme wa kawaida. Magari ya Ulaya na mengi ya sasa hutumia CCS2, na yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China hutumia GB/T. Kabla ya kutegemea kituo chochote, piga simu uulize kama kina waya unaoingia katika gari lako na kama unafanya kazi siku hiyo.

Hatua ya pili: pima afya ya betri kabla ya kubadili mazoea yoyote

Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha uwezo wa betri, tofauti na vile vikubwa vya kiasi cha chaji. Kijistari cha kwanza hupotea baada ya uwezo kupungua kwa asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6 na kidogo. Gari lenye vijistari vinane limebaki na theluthi mbili tu ya uwezo wake, na kiwango hicho ndicho kilichotumiwa na Nissan kama mpaka wa dhamana ya uwezo: gari likishuka chini ya vijistari tisa kabla ya muda kwisha, betri ilistahili kushughulikiwa.

Vijistari havitoshi. Nunua kifaa kidogo cha blututhi kinachochomekwa chini ya usukani, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, kisha usome mambo manne: SOH, yaani asilimia ya uwezo uliobaki, idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa kasi, joto la betri kwa kila sensa, na tofauti ya volteji kati ya seli (betri ndogondogo zinazounda ile kubwa) yenye volteji ya juu kuliko zote na yenye ya chini kuliko zote. Ukiwa unanunua, usiridhike na SOH peke yake. Katika Leaf za mwanzo kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili ionyeshe vijistari vyote 12, na wapo wauzaji wasio waaminifu wanaofanya hivyo. Ukweli hurudi baada ya wiki kadhaa za kuendesha, wakati pesa zimeshatoka mfukoni. Kwa hiyo omba kuliendesha gari kuanzia asilimia 90 hadi 30 kwa mwendo wa kawaida, ulinganishe kilomita ulizopata na wastani wa matumizi unaoonyeshwa kwenye dashibodi. Kama gari linatumia uniti 15 kwa kilomita 100 na likatembea kilomita 100 kwa asilimia 60 ya betri, basi betri nzima ina takriban uniti 25, hata kama kibandiko cha mlangoni kinasema 40.

Idadi kubwa ya chaji za kasi isikutishe bila sababu. Gari lililochajiwa kwa kasi mara 800 kule Hokkaido, kwenye baridi ya kaskazini mwa Japani, linaweza kuwa na betri yenye afya kuliko lililochajiwa polepole maisha yake yote na kuachwa juani likiwa limejaa.

Hatua ya tatu: fanya umeme wa nyumbani uwe ndio wa kila siku

Piga hesabu ya mahitaji yako halisi. Mtu anayetembea kilomita 50 kwa siku mjini hutumia uniti 7 hadi 8. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani, mita yako, iwe ya LUKU au ya tokeni, itahesabu uniti 9 hivi. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 230 hupata kilowati 2.3, hivyo saa nne za usiku zinakutosha. Wengi hugundua, baada ya hesabu hii, kwamba walikuwa wanakwenda kwenye chaja ya kasi kwa mazoea tu.

Usalama wa soketi unahitaji uzito wake. Plagi yetu ya pini tatu imeandikwa ampea 13, lakini haikukusudiwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa nane mfululizo kila usiku. Soketi hafifu hulegea, hupata moto, na mwishowe plastiki huyeyuka. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni, wa EPRA ukiwa Kenya au wa EWURA ukiwa Tanzania, avute waya wa peke yake kutoka kwenye bodi kuu, aweke breka yake na kinga ya kukata umeme unapovuja, na ahakikishe nyumba ina ethi inayofanya kazi kwa kuipima, si kwa kuitazama. Waya wa kuchajia uliokuja na gari kutoka Japani usomwe maandishi yake kabla ya kuchomekwa, kwa sababu baadhi umetengenezwa kwa volti 200 tu. Ukiwa hivyo, uache, ununue unaokubali volti 240. Kuukata na kuuunganisha upya kwa utepe ni kujitafutia moto ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Kisha panga saa. Leaf ina kipima muda cha kuchaji. Kitumie ili chaji imalizike karibu na saa ya kuondoka badala ya kumalizika saa tano usiku na kuiacha betri imejaa hadi asubuhi. Faida nyingine ni kwamba usiku wa manane hewa imepoa, na betri iliyotembea jioni imepata saa kadhaa za kutulia. Kitabu cha Leaf chenyewe kinashauri gari lipoe kwanza kabla ya kuchajiwa. Kwa siku za kawaida simama kwenye asilimia 80 na usishuke chini ya 20. Mara moja au mbili kwa mwezi, ijaze hadi 100 kwa umeme wa polepole, ili kompyuta ipate nafasi ya kusawazisha seli, na siku hiyo uondoke mara tu baada ya kujaa.

Hatua ya nne: kwenye chaja ya kasi

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na karibu yote yanaepukika.

Maandalizi huanza kilomita 20 kabla ya kituo. Betri hupata joto kwa kuendeshwa kwa kasi kama inavyopata kwa kuchajiwa, kwa hiyo punguza mwendo hadi kilomita 70 au 80 kwa saa ili ifike ikiwa imetulia. Panga kufika ukiwa na asilimia 15 hadi 30. Ukifika na 60, chaja itakuwa tayari imeanza kupunguza mkondo, utalipa na kusubiri kwa faida ndogo. Ukifika na 3, umejiweka kwenye hatari ya kukuta foleni au umeme umekatika. Kama gari lako lina kupozwa kwa maji na ramani yake inakitambua kituo, kiweke kama mwisho wa safari, kwani magari mengi ya sasa huiandaa betri yenyewe kabla ya kufika.

Unapoegesha, tafuta kivuli ikiwezekana, hata kama ni cha mwembe kando ya kituo na waya unafika kwa shida. Tazama kipimo cha joto la betri kabla ya kuchomeka. Kwenye Leaf, ukiwa na LeafSpy, ningekushauri hivi: chini ya nyuzi 35, chaji bila wasiwasi; kati ya 35 na 45, chaji kiasi kinachokufikisha tu; ukikuta zaidi ya hapo, au mshale wa dashibodi umekaribia eneo jekundu, kunywa chai kwanza. Kikao kimoja cha kilowati 50 kinaweza kuongeza nyuzi kumi au zaidi katika betri isiyo na kipozeo, na joto hilo haliondoki kwa dakika chache. Hukaa kwa saa nyingi, kwa sababu betri ni mzigo wa karibu kilo 300 uliofungwa ndani ya sanduku la chuma. Kiyoyozi cha ndani ya Leaf huwapoza abiria pekee, hakifikishi hewa kwenye betri.

Baada ya kuchomeka, soma kilowati kwenye skrini ya chaja. Leaf yenye betri ya wastani hupokea zaidi ya kilowati 40 mwanzoni. Ikipokea 20 tu ilhali betri iko asilimia 30, ama chaja ina tatizo, ama kompyuta ya gari inaikinga betri iliyopata moto. Jambo hili liliwasumbua sana wenye Leaf ya uniti 40 mwaka 2018: kikao cha kwanza cha siku kilikuwa cha kasi, cha pili kikawa cha polepole, cha tatu kikawachosha vituoni, na Nissan ikalazimika kurekebisha programu kwa baadhi ya magari. Mkondo unapopunguzwa namna hiyo usikasirike wala usitafute namna ya kuulazimisha. Gari linakufanyia jambo ambalo ungepaswa kulifanya mwenyewe.

Chomoa kwenye asilimia 80. Kufika hapo kutoka 20 huchukua dakika 40 hadi 60 kwa Leaf ya uniti 40, na asilimia 20 zinazobaki zinaweza kuchukua muda unaokaribia huo huo, huku nyuma yako kukiwa na dereva wa teksi anayepoteza mapato. Kanuni hii ina sababu mbili zinazokubaliana, afya ya betri na haki ya wenzako. Ubaguzi wake ni mmoja: kituo kinachofuata kikiwa mbali kiasi kwamba 80 haitoshi, jaza unachohitaji na uondoke palepale.

Je, ni mara ngapi kwa wiki? Kwa gari lenye kupozwa kwa maji, ushahidi unatia moyo. Mwaka 2023 kampuni ya Recurrent ya Marekani ililinganisha maelfu ya magari ya Tesla, yale yanayochajiwa kwa kasi karibu kila mara na yale yanayochajiwa hivyo kwa nadra, na haikuona tofauti ya maana katika umbali yanaoweza kutembea. Kwa Leaf katika mji wa pwani, rai yangu ni kwamba mara moja au mbili kwa wiki haina neno, na mara mbili kwa siku moja yenye jua kali ndiyo ya kuepukwa. Dereva wa teksi asiye na njia nyingine afanye vikao vyake alfajiri na usiku, na katikati ya mchana achaji kwa AC wakati wa chakula.

Hatua ya tano: safari ndefu, kwa mfano Nairobi hadi Mombasa

Barabara hii ya kilomita 480 hivi inafundisha kuliko nyingine, kwa sababu inateremka takriban mita 1,700. Gari la Leaf lenye abiria, lenye uzito wa kilo 1,750 hivi, linahitaji karibu uniti 8 kupanda kimo hicho tu, mbali na uniti za kusukuma upepo na kuzungusha magurudumu. Uniti 8 ni sehemu ya tano ya betri ya 40. Anayekwenda Mombasa huzipata kama zawadi njiani. Anayerudi Nairobi huzilipa, na huzilipa akiwa na betri iliyopashwa moto na siku nzima ya pwani.

Unaposhuka, usiondoke Nairobi ukiwa na asilimia 100 kama nyumbani kwako ni juu ya mteremko. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudishwa na breki, hivyo mota hukataa kusaidia kusimamisha gari na breki za kawaida hubeba kazi yote. Ukiwa na 90 au 95 tatizo hilo hupungua sana. Ondoka alfajiri, ufike maeneo ya Mtito Andei na Voi kabla jua halijawa kali, na uchaji vikao vifupi vya 20 hadi 70 badala ya kimoja kirefu hadi 95.

Unapopanda, geuza mpango. Ondoka Mombasa jioni au usiku wa manane kama usalama wako unaruhusu, au ukubali kulala njiani. Usiichaji kwa kasi Mombasa saa nane mchana, kisha Voi, kisha Mtito Andei. Kikao cha tatu kitakuwa cha polepole na betri itakuwa imepikwa. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa badala ya 100 huokoa umeme mwingi kiasi kwamba mara nyingi hukuondolea kituo kizima, na kwa Leaf dereva mtulivu hufika mapema kuliko mwenye haraka.

Asubuhi za Julai katika nyanda za juu, betri ikiwa kwenye nyuzi 12, chaja ya kasi nayo itaanza polepole. Endesha kwa nusu saa kwanza, kisha uchaji.

Hatua ya sita: gari linapokaa

Ukienda kijijini Desemba na kuliacha gari mjini kwa wiki tatu, liache kwenye asilimia 40 hadi 60, kivulini, likiwa limechomolewa. Usiliache kwenye 100, na usiliache chini ya 10, kwa sababu betri inayoshuka hadi mwisho inaweza isikubali tena kuchajiwa. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo huisha kwanza. Fundi aipime kabla hujasafiri, maana ikifa, gari haliwaki hata kama ile kubwa ina nusu. Kwa maegesho ya kila siku ya kazini, ukilazimika kuchagua kati ya sehemu yenye chaja juani na sehemu yenye kivuli bila chaja, na una asilimia 50, chagua kivuli.

Hatua ya saba: weka daftari, na ujue wakati wa kumwita fundi

Kila baada ya miezi mitatu andika tarehe, kilomita, SOH, idadi ya chaji za kasi na joto la betri asubuhi kabla ya kuwasha. Usipime kila siku, kwa kuwa SOH hupanda na kushuka kidogo kwa majira na kwa jinsi ulivyochaji wiki hiyo, na kuifuatilia hivyo huleta wasiwasi usio na maana. Kampuni ya Geotab, iliyokusanya takwimu za maelfu ya magari ya umeme ya aina mbalimbali, iliwahi kuripoti wastani wa upungufu wa asilimia 2.3 kwa mwaka. Leaf ya pwani itapita kiasi hicho, na mwenye nayo asishtuke akiona tatu. Akiona sita au saba kwa mwaka, arudi kwenye daftari atafute kilichobadilika: maegesho mapya, safari mpya, au kituo kipya anachokitumia mchana.

Mstari wa mwisho wa kuandika ni tofauti ya volteji kati ya seli. Betri ya Leaf ya uniti 24, 30 au 40 ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na nguvu ya mnyororo mzima huamuliwa na jozi iliyo dhaifu kuliko zote. Tofauti ikiwa milivolti 20 au 30, seli zinakwenda pamoja. Ikipita 100 kila betri inaposhuka chini ya asilimia 30, au gari likianguka ghafla kutoka asilimia 25 hadi 8 unapopanda mlima, kuna jozi inayokufa, na utunzaji wa chaja hautaifufua. Hapo moduli moja, yaani kasha dogo lenye seli hizo, inaweza kubadilishwa bila kununua betri nzima. Tafuta fundi aliyefunzwa kazi ya volteji ya juu, kwani ndani ya sanduku hilo kuna volti zipatazo 360 za DC zinazoua. Kabla hujamkabidhi gari, muulize ataanzaje. Anayejua kazi atakujibu kwamba anazima gari, anatenganisha betri ya volti 12, anavaa glavu za mpira zilizopimwa, anachomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni, anasubiri dakika kumi au zaidi, kisha anapima kwa mita kuhakikisha hakuna volteji kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa. Asipotaja kusubiri na kupima, rudi na gari lako nyumbani.